Aliyeshika Chupa

Dada yangu hakuwahi kupenda mbuzi. Naanza na hilo kwa sababu mtaani kwetu watu wamekwisha kumtungia maisha mengine kabisa, eti alikuwa na mapenzi ya ajabu na wanyama, eti alizungumza nao, eti alikuwa na dawa. Uongo mtupu. Dada yangu ni mshonaji wa maturubai ya malori. Alipenda cherehani yake nzito, chai ya moto na mume wake. Mbuzi aliwaona kama anavyowaona mtu yeyote mwenye nguo kwenye kamba: wezi wenye ndevu.

Nayajua haya kwa sababu mimi ni mdogo wake na karakana yetu ni moja. Yeye hushona, mimi hukata na kugongelea vile vipete vya chuma vya kupitishia kamba. Tumekaa tukitazamana juu ya turubai maisha yetu yote ya ukubwani. Hakuna la nyumbani kwake ambalo halikupita kwanza juu ya meza ile.

Shemeji yangu, mumewe, alikuwa seremala wa milango na madirisha. Hiyo ndiyo kazi iliyomlisha. Lakini moyoni alikuwa mwindaji. Msimu ukifunguliwa alichukua kibali chake, bunduki yake na shanta kubwa kama jokofu, akapotelea mlimani kutafuta kulungu. Akirudi amekonda, ananuka moshi, anacheka ovyo, na nyama tunagawana ukoo mzima. Dada alikuwa akinung'unika juu ya soksi zake zilizooza, lakini ungemwona jinsi alivyokuwa akichungulia dirishani siku ya kurudi, ungejua kunung'unika kule ni mapambo tu.

Kisha gogo likamwangukia mgongoni kwenye kiwanda cha kupasulia mbao. Hakufa, na hakupooza. Daktari alimwambia ashukuru, ila asibebe tena mzigo wowote unaozidi ndoo ndogo ya maji. Kutembea aliruhusiwa. Kubeba, basi. Na mlimani hakuna duka: usipobeba chakula, hema na blanketi, hulali huko, na ukipata mnyama, nani atamteremsha?

Msimu wa kwanza ukapita yuko kibarazani. Mtu yule aliyekuwa akicheka ovyo aligeuka mwiba. Aligombana na chumvi ya mboga, na bawaba za mlango, na watoto wa jirani kwa kucheza mpira. Siku moja alirusha sahani ukutani, kisha akaokota vipande mwenyewe, kwa taabu, mkono mmoja kiunoni, na hakutaka kusaidiwa. Kesho yake dada alifika karakanani macho yamevimba.

"Nimeolewa na mtu mmoja, naishi na mwingine," aliniambia. "Namtaka yule wa kwanza. Nitafanya chochote, mdogo wangu. Chochote."

Hicho chochote kilikuja na miguu minne. Shemeji aliona kwenye simu mtu wa nchi za mbali akipanda milima na mbuzi nyuma yake, kila mmoja na mikoba miwili ubavuni, hawana kamba wala fimbo, wanamfuata tu. Aliitazama picha ile mpaka simu ikazima. Mbuzi, alituelezea uso umemng'aa kwa mara ya kwanza tangu aumie, hula majani ya njiani, hunywa maji kidogo, hupita kwenye majabali asipopita punda. Mbuzi wanne wangembebea kila kitu, na nyama ya kurudi nayo. Yeye angetembea mikono mitupu.

Mimi nilicheka mpaka nikashika mbavu. Dada hakucheka. Alikuwa anautazama uso wa mumewe.

Walienda kwa mama mmoja afugaye mbuzi wa maziwa nje kidogo ya mji. Huyo, dume akizaliwa, humwona hasara tu, kwa hiyo aliwapa vitoto vinne vya siku chache kwa furaha. Nilikuwa nimewasindikiza. Wakati tunavipakia kwenye boksi, yule mama alituambia jambo moja.

"Atakayewapa chupa ndiye mama yao, na si mama wa jina. Watamfuata huyo mpaka chooni, mpaka uzeeni. Kwa hiyo yule atakayekwenda nao porini ndiye ashike chupa."

"Sikia hiyo," shemeji alimwambia mkewe. "Nimekuwa mama."

Alijaribu, tusimsingizie. Lakini kitoto cha mbuzi hunyonya ukiwa umeinama, kinapiga vichwa, kinavuta, na vinne vinataka kwa zamu mchana kutwa. Siku ya pili mgongo ulimkamata akabaki amejikunja uani, jasho linamtoka, chupa mkononi. Dada alimnyang'anya ile chupa. Alimwambia akalale, yeye atashika kwa siku mbili tatu mpaka apate nafuu.

Siku mbili tatu zikawa mpaka walipoachishwa maziwa. Shemeji alipopata nafuu hakuidai chupa tena. "Wewe walishe, mimi nitawafundisha kazi," alisema. "Mimi mwindaji, si yaya." Na dada, ambaye alikuwa amechoka na ugomvi, akaendelea kulisha.

Vitoto vikapata majina karakanani, maana dada alivileta ili asiache kazi. Mheshimiwa alikuwa yule aliyetembea tumbo mbele. Karani alikula karatasi zote za vipimo vyangu. Kinyozi alitafuna nywele za mtu yeyote aliyeketi. Wa nne, mdogo kuliko wote, aliitwa Mwisho. Vililala chini ya cherehani, juu ya vipande vya turubai, na mashine ikinguruma ndipo vilipata usingizi mzuri. Dada akiinuka kwenda kunywa maji, vyote vinne viliinuka. Akirudi, vinarudi. Wateja walikufa kwa kicheko, wakamwita Mama Mbuzi. Alikuwa akiwatukana, lakini siku moja nilimkuta anamfuta Mwisho tongotongo kwa ncha ya kanga yake, na alipoona namtazama alijifanya anafuta meza.

Sasa niseme ukweli wa upande wa pili: kwa mengine yote shemeji hakukosea. Aliwapeleka kwa mtaalamu wa mifugo wakahasiwa, maana beberu hana akili ya safari. Mtu ambaye hakuwa na subira ya kungoja chai ipoe alingoja miaka mizima mpaka mifupa ya mbuzi ikomae. Mwanzoni walitembea bure tu. Kisha na mikoba mitupu. Kisha na mzigo mwepesi, blanketi na mkate. Alichonga matandiko mwenyewe, vipande viwili vya mbao vilivyopishana juu ya mgongo, chini yake godoro la sponji lisiwachubue. Dada alishona mikanda ya kifua, ya tumbo na ya nyuma, na mikoba yenye vifuniko visivyopitisha maji. Kwenye mkoba wa Mheshimiwa alishona kifuko kidogo cha plastiki nene, cha simu, kwa sababu shemeji alikuwa ameziua simu mbili kwa mvua. Kila mkoba ulipimwa kwa mizani ya mkononi, kulia na kushoto sawasawa, la sivyo mzigo unampinda mnyama. Nilipenda kuwaona wakifanya kazi ile pamoja uani. Walikuwa wanagombana juu ya upana wa mkanda kama watu waliooana jana.

Na kulikuwa na chupa ya pili. Mbuzi akikua akaanza kusukumana na kumwegemea mtu njiani, dawa yake ni kumpulizia maji usoni, maana mbuzi anachukia maji kuliko fimbo. Chupa hiyo ya kupulizia aliishika shemeji. Walimheshimu. Akiinua mkono walisogea pembeni.

Matembezi ya mazoezi walikwenda wote wawili. Dada mbele, kwa sababu shemeji alikuwa akitembea polepole, mbuzi katikati, shemeji nyuma akiangalia mikanda. Mambo yalikwenda barabara. Walilala usiku mmoja chini ya mlima, wakarudi, na shemeji alikuwa anacheka. Alicheka ovyo, kama zamani. Dada alinishika mkono chini ya meza akaniambia, "Amerudi. Umemsikia? Amerudi yule." Nililia. Sioni aibu kusema nililia.

Ila kulikuwa na jambo moja, na tuliliona wote tukalichekea. Shemeji akitaka kutoka nao peke yake, walikuwa hawatoki. Walisimama langoni wakimtafuta dada kwa macho, wanalia. Basi ikawa desturi. Akishawafunga kamba, shemeji huita: "Ingia ndani, bwana! Wakikuona hawaondoki." Dada anakimbilia stoo, anajificha nyuma ya majora ya turubai, na sisi tunaziba midomo tusicheke. Kamba ikivutwa, baada ya ubishi kidogo, wanakwenda.

Msimu ukafika. Mipango ilikuwa waende wote. Kisha ikaingia kazi kubwa ya maturubai ya msafara mzima wa malori, na mwenye mali anayataka upesi. Dada alimwomba mumewe angoje. Shemeji alisema msimu haungoji, na yeye amekwisha kungoja vya kutosha. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayeomba.

Asubuhi ya safari nilikuwepo. Anga lilikuwa safi. Dada alikaza mikanda mmoja mmoja, akapitisha kidole kuona haibani. Kisha akamshika mumewe koti.

"Usiwafungue."

"Kule juu nitawafungua, lazima. Kuna majabali. Nikiwaunga kamba moja, mmoja akiteleza anawavuta wenzake wote."

"Wakienda zao je?"

"Waende wapi? Wamenizoea hawa. Mimi ndiye niliyewafundisha kazi."

Na hapo, jamani, hata leo sijui mwenye makosa ni nani, maana kuhusu kamba shemeji alikuwa na haki. Aliingiza simu kwenye kifuko chake, koti zito na blanketi kwa Mheshimiwa, chakula kwa Karani, hema kwa Kinyozi, sufuria na vikorokoro kwa Mwisho. Mwilini alibaki na bunduki, kisu na shati. Akaita: "Ingia ndani, bwana!"

Dada aliingia stoo. Nilimfuata. Safari hii hatukucheka. Alikaa juu ya jora amejiziba mdomo kwa viganja vyote viwili, tukasikiliza mbuzi wanalia, kamba inavutwa, lango linafungwa. Mlio wa Mwisho ndio uliokawia kupotea.

Mvua ilianza mchana uleule. Haikuwa mvua ya kawaida. Ilinyesha kwa hasira, na upepo wa baridi, mpaka kesho yake. Dada aliendelea kushona. Alimpigia mumewe simu mara nyingi, lakini mlimani mtandao ni wa kubahatisha, kwa hiyo tulijipa moyo. Nilimwambia yuko ndani ya hema lake amejifunika blanketi, anakula mkate. Nilikuwa namwona kabisa kwa macho ya akili.

Kesho yake alasiri mvua ilikatika. Tulikuwa tunakunja turubai, mimi ncha hii na yeye ncha ile, tuliposikia kwato kwenye sakafu ya simenti. Mheshimiwa aliingia karakanani tumbo mbele. Nyuma yake Karani, nyuma yake Kinyozi, na baada ya kitambo, Mwisho. Walikuwa wamelowa mpaka kwenye ngozi, na mizigo yote iko mgongoni, mikanda imekaa sawasawa kama alivyoikaza. Walimpita kila mtu wakaenda kujilaza chini ya cherehani.

"Wamefika," dada alisema, huku anatazama mlangoni. "Wamemtangulia tu. Yuko njiani, mgongo unamchelewesha."

Alichukua simu akampigia. Mtandao ukakubali. Na simu ikaanza kuita palepale miguuni kwetu, ndani ya mkoba wa Mheshimiwa, kavu kabisa kwenye kile kifuko chake.

Sikuwahi kusikia sauti kama ile iliyomtoka dada yangu, na sitaki kuisikia tena.

Tulifungua mikoba. Koti, kavu. Blanketi, kavu. Mkate, kiberiti, hema. Kazi yake ya mikono ilikuwa nzuri. Tone moja halikupenya. Kila kitu ambacho kingemweka mtu hai kilikuwa juu ya meza yetu.

Alfajiri tulikwenda, askari wa msitu, majirani kadhaa, mimi na dada. Tulifunga lango la uani. Mbuzi waliliruka. Askari aliwafukuza kwa mawe, wakaondoka, wakarudi. Mtu mmoja akasema waacheni, labda watatuonyesha alipo. Dada aliwageukia akawaambia kwa sauti ya kubembeleza, "Haya, twendeni kwa baba. Baba yuko wapi?" Walisimama. Akisogea, wanasogea. Akisimama, wanasimama, wanamtazama usoni. Walikuwa tayari kumfuata popote. Kumpeleka mahali hawakujua.

Ilibidi askari asome ardhi. Alipata alama za kwato kwenye tope zikiteremka, na juu yake alama za viatu. Shemeji aliwafungua penye majabali, mvua ikaanza, nao wakageuza kuelekea nyumbani, penye ukavu na penye mama yao. Yeye akawafuata. Aliwafuata mbali sana, alisema askari, na kuna mahali hatua zilikuwa ndefu, alikuwa akikimbia, na mgongo ule. Kisha zikatelezea korongoni.

Tulimkuta ameegemea jiwe, amekaa, shati limemganda mwilini, bunduki kando yake. Hakuwa na jeraha kubwa. Mgongo ulikuwa umekataa kumwinua, na baridi ikamaliza kazi. Kutoka pale, kukiwa hakuna ukungu, unaona mabati ya mji wetu.

Wanaume walimbeba kwenye machela ya turubai. Mizigo yao, ili wapate nafasi ya kubeba, waliwatwika mbuzi, maana nao walikuwepo. Dada alitangulia mbele, mbuzi nyuma yake, na nyuma yao mume wake.

Msibani wifi yake, dada wa marehemu, alisema mbele za watu kwamba mbuzi wale waliharibiwa makusudi, kwamba mwanamke hutaka kila kilichomo nyumbani kimfuate yeye. Nilisimama nikamwaga radhi. Nilimuuliza alikuwa wapi wakati kaka yake anarusha sahani. Nilimwambia mengine ambayo sitayaandika. Dada alinivuta nguo, akaniambia nikae. "Mwache," alisema. "Si uongo wote. Chupa niliishika mimi."

Hapo ndipo nilipojua kwamba hatapona.

Mbuzi hawakumpa nafasi. Akienda kisimani, wako nyuma. Akifungiwa ndani, wanalia dirishani mpaka majirani wanapiga mabati. Siku ya kwanza aliyokwenda kaburini peke yake, alitaka kulia bila kutazamwa na mtu, na alipoinua uso walikuwa wamesimama wote wanne pembeni ya udongo mbichi, kimya, wanamngoja. Kinyozi akasogea akaanza kutafuna ncha ya kitambaa chake.

Nilimwambia tuwarudishe kwa mama wa maziwa. Tukawarudisha, baada ya siku chache wakawa chini ya cherehani. Wawindaji wawili walikuja kuwataka, wakawavuta kwa kamba mpaka barabara kuu, wakarudi wakiwa wamechoka na wamekasirika. Mmoja wao akasema, basi njoo wewe utupandishe mlimani, Mama Mbuzi, utapata riziki. Alisema kwa nia njema. Dada alikwenda kutapika nyuma ya nyumba.

Asubuhi iliyofuata alinipitia. Hakufunga mbuzi kamba. Tulitembea naye mji mzima, wao wanafuata kwa mstari, na watoto wanatucheka, mpaka machinjioni.

Mchinjaji alikuwa mtu mpole, aproni yake imekwisha kuoshwa. Alimshika Mheshimiwa pembe akavuta. Mheshimiwa alikaza miguu, akamgeukia dada, akalia. Wote wanne wakalia. Mchinjaji alijaribu tena, kisha akaachia, akapangusa mikono.

"Ingia wewe ndani, mama," alisema. "Wakikuona, watakuja."

Dada alinitazama. Najua alisikia kile nilichokisikia mimi, sauti ile nyingine uani, na lango. Nilimshika mkono nikamwambia twende nyumbani, tutapata njia nyingine.

"Hawa hawajui njia nyingine," aliniambia. "Na mimi sijui."

Akaingia. Mheshimiwa aliingia nyuma yake tumbo mbele, kisha Karani, kisha Kinyozi. Mwisho alichelewa kidogo akinusa kizingiti, halafu akamwona, akakimbia kumfikia.

Nilibaki nje. Nilikuwa nikidhani angeingia na kutoka kwa mlango wa pili, mchinjaji akawafungia. Alikaa mpaka mwisho. Yule mchinjaji aliniambia baadaye kwamba alikuwa akipiga magoti kwa kila mmoja, anamshika kidevu kwa kiganja na kukiinua juu, vile mtu anavyomshika mtoto wa mbuzi anapompa chupa, na kwamba hakuna hata mmoja aliyepiga kelele.

Siku hizi tunashona kama zamani, yeye kule na mimi huku. Akiinuka kwenda kunywa maji, hufika mlangoni, husimama kidogo, hutazama nyuma chini ya cherehani, ndipo huendelea.